Mwanangu, usikimbilie anayepiga kelele

Mwanangu kipenzi,

Skrinshoti yako ya swali la mazoezi ya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, imeingia usiku, nimeamka alfajiri ndo nikaifungua, nikatafuta miwani nikaisoma mara mbili kabla hata sijabandika chai. Wagonjwa wanne, utaanza na nani. Mzee wa COPD, ule ugonjwa wa mapafu wa kudumu, oksijeni yake asilimia 90, mama wa kisukari ana kidonda cha mguu kinatoa usaha, kijana wa upasuaji siku ya pili analia maumivu, na msichana wa pumu ambaye saa moja iliyopita kifua kilikuwa kinapiga filimbi na sasa hakisikiki tena, na bado anahema. Wewe ukaenda kwa mzee maana umeona 90 ukashtuka.

Mzee hana neno, mwanangu. Mtu wa COPD kwa kawaida tunamtaka kati ya 88 na 92, hiyo 90 ashaizoea miaka. Wa kwanza ni yule msichana. Kifua cha pumu kikinyamaza na mtu bado anahangaika ujue hewa haipiti, hata ile ya kupigia filimbi haipo.

Na hili sikukutana nalo kitabuni. Nilikuwa naiti, mwaka wa pili tangu nipate leseni, wodi imejaa wengine wamelala wawili kitanda kimoja, na kuna mzee mmoja wa kidonda ndugu anaita sista, sista, kila baada ya dakika tano, mkali kweli, nikaenda kumfunga bandeji upya angalau nipate amani. Kitanda cha dirishani kijana wa pumu alikuwa anakoroma kifua tangu saa mbili, mara nikasikia kimya, nikasema moyoni afadhali kapata usingizi. Wapi. Nilipopita na tochi nilimkuta amekaa wima, mikono imeng'ang'ania magoti, midomo imebadilika rangi, ananitazama tu hana pumzi ya kuniita. Tulimuwahi, daktari wa zamu alikuja mbio viatu mkononi, na kijana akaenda kwao kwa miguu yake baada ya siku kadhaa. Lakini ile bandeji mwanangu, hata nilivyoipindua mwishoni nikaibana kwa plasta naikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo ukiona maswali ya aina hiyo usitishwe na jina la ugonjwa, tafuta nani amebadilika. Wa ghafla anamtangulia wa kudumu, sawa, hilo kila mtu analikariri, ila wa kudumu akigeuka ghafla naye ashakuwa wa ghafla, na hapo ndo wanapokutegea. Mfano yule mgonjwa wa kisukari aliyeingia na DKA, yaani damu imejaa asidi kwa kukosa insulini, sukari iko juu, potasiamu iko chini, 3.0, kwenye majibu insulini inakuita uichague. Usiiguse kwanza. Maji ya mshipa ndo yanaanza, kisha anarudishiwa potasiamu, maana insulini inaisukuma ile kidogo iliyobaki kwenye damu iingie ndani ya seli na moyo unaanza kuruka ruka. Na potasiamu yenyewe haisukumwi na sindano moja kwa moja mshipani, hata siku moja, ukiona jibu hilo lipite kama hukuliona.

Kingine ni vipimo, hapo mnaotoka huku mnaumia bure. Sisi sukari tumezoea mmol, mtu akiwa na 3.5 unajua imeshuka mpe kitu cha utamu, wao Wamarekani ni miligramu, hiyo hiyo kwao ni 63. Zidisha kwa 18 mpaka iingie kichwani, na kilo kwa 2.2 upate ratili. Na paracetamol yetu kwao ni asetaminofeni, salbutamol ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini, andika ubandike kwenye friji.

Kuhusu kugawa kazi najua utabisha, huku ukiwa nesi ndo wewe kila kitu, unapima, unafundisha, unasukuma na kitanda. Huko msaidizi wa nesi apewe mgonjwa aliyetulia, ampime presha, amwogeshe, amlishe, lakini kutathmini na kumfundisha mgonjwa ni kazi yako mwenyewe. Wewe si ndo unafanya kazi ya usaidizi hapo Minneapolis, basi kitu ambacho wewe huruhusiwi kufanya ukiwa zamu, kwenye mtihani usimpe mwenzio.

Maswali ya kumfundisha mgonjwa wa kudumu, mfikirie babako. Juzi kaniambia ati presha imeshuka hivyo dawa ameacha, akiumwa kichwa ataanza tena! Sasa ukisoma mgonjwa yeyote anaongea kama babako, huyo hajaelewa, anahitaji kufundishwa tena, tia alama uende. Na wa moyo anajipima uzito kila asubuhi, mzani ule ule, ameshakojoa na hajala, akiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku apige simu, hayo ni maji sio ugali.

Yale mambo ya kompyuta ya mtihani kujizima usiyaweke rohoni. Maswali ni 85 mpaka 150, masaa matano, ikizima kwenye 85 inaweza kuwa umepita au hukupita, na yakizidi kuwa magumu sio dalili mbaya, inakupandisha kadri unavyopata. Zile kesi walizoleta 2023 zenye maswali sita sita ndo uzifanyie mazoezi zaidi, zinamfuata mgonjwa mmoja toka dalili mpaka kuona kama amepata nafuu, ni kama ripoti ya zamu tu.

Nitumie maswali kumi ya moyo leo usiku wako, nitayakuta nikiamka. Usiniwekee majibu. Na babako anauliza hilo koti la baridi ulishanunua ama bado unaazima.

Mamako