Mpira wa magongo wa watoto, Jumamosi

Hamjambo wazazi? Tukutane uwanjani Milimani, Nakuru, saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali.

1. Timu ni 4, kila moja itakutana na zote, dakika 10 kila kipindi. Ushindi pointi 3, sare 1. Wakitoshana, tunaangalia tofauti ya mabao.
2. Bao ni la kupigwa ndani ya nusu duara ya mbele ya goli tu. Mgongo wa gongo (upande wa mviringo) haugusi mpira (juzi tulibishana hapa hadi chai ikapoa!). Kadi ya kijani, dakika 2 nje.
3. Kinga ya meno na ya miguu ni lazima. Soksi mbili si kinga, jamani.
4. Shilingi 200 za uji na mayai, kwa mweka hazina.

Andika jina la mtoto hapa kufikia Alhamisi saa mbili usiku, nipange timu.