Nyanya za Agosti

New Jersey, Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, watoto wako likizo na wanakuamkia. Nimesikia bei ya tenga imeshuka tena, nimeumia, maana najua dawa na mbolea mlivyonunua kwa tabu. Hela niliyotuma juzi ingia nayo kwenye mbegu, ada ya mdogo wangu niachie mimi.

Nimeandika barua ili dada akusomee taratibu, kwa sababu nina habari ya nyanya.

Huku kusini mwa New Jersey udongo ni wa kichanga. Miche huingia shambani Mei, baridi ikishaondoka, nyanya zikaanza kuiva Julai, na Septemba ikiisha nazo zimekwisha. Miezi iliyobaki tunakula za dukani: zimechumwa kijani, zimesafirishwa mbali, zikaivishwa kwa gesi. Nje nyekundu, ndani nyeupe, ukiikata haitoi hata maji. Mwaka wa kwanza nilidhani Wamarekani hawajui nyanya. Kumbe wanajua, ila wanaisubiri.

Jumamosi jirani yangu, bibi mmoja mwenye asili ya Italia, alinichukua hadi kwenye meza ya mkulima kando ya barabara. Muuzaji hayupo, kuna kisanduku tu, unatia hela unaondoka. Nikaikumbuka Ilula, mabasi yakipunguza mwendo na sisi tukikimbilia madirishani na ndoo. Mezani palikuwa na mafungu mawili, la nyanya laini zisizo na kovu na la zilizopasuka, bei nusu. Yule bibi akaenda moja kwa moja kwenye zilizopasuka. Akaniambia nyanya iliyoachwa kwenye mche mpaka iive, mvua ikija baada ya jua kali, hunywa maji mengi kwa mkupuo na ngozi ikashindwa. Haiwezi kusafiri. Ndiyo maana tamu yake huijua mtu wa jirani na shamba tu.

Mama, machozi yalinilenga pale pale. Unakumbuka matenga ya Dar? Tulijaza zile ngumu, zilizoanza tu kugeuka rangi, zivumilie lori. Zilizopasuka zilibaki nyumbani, ukatukatia na chumvi tukiwa tumekaa kwenye majani ya mahindi. Miaka yote nimeamini tulikula masalio ya watu wa Dar. Kumbe wao ndio hawakuwahi kuionja nyanya yetu.

Huku wanailaje? Mkate mweupe laini, mayonesi, pande nene la nyanya, chumvi na pilipili manga, basi. Unakula umeinamia sinki kwa sababu maji yanatiririka hadi kwenye viwiko. Kwenye friji haiwekwi kamwe, baridi inaua ladha. Jioni ni mahindi mabichi ya kuchemsha na nyanya zenye majani ya rehani na jibini. Mwisho wa Agosti bibi huyo na wanawe huchemsha rojo la nyanya siku nzima na kulifunga kwenye chupa za kuwatosha majira ya baridi. Mwaka huu nami nimealikwa kumenya.

Wana historia nayo pia. Mwaka 1934 chuo kikuu cha hapa, Rutgers, kilitoa mbegu iliyopewa jina la chuo, ikitokana na nyanya ya kampuni ya supu ya Campbell iliyokuwa na kiwanda mjini Camden. Wazee husimulia foleni za malori ya nyanya kiangazi. Lakini ninayoipenda mimi ni habari ya Ramapo, mbegu ya mwaka 1968. Ilipotea madukani, watu wakawa wanaiulizia bila kuchoka, mpaka chuo kikairudisha mwaka 2008. Watu wanadai ladha waliyoizoea na wanapewa! Ile mbegu ya marehemu bibi, ya nyanya zenye mikunjo, bado mnayo? Kama ipo hata miche michache pembeni ya kisima, msiing'oe.

Kesho ukichuma, zilizopasuka usiziuze zote. Chagua moja kubwa, ikate, nyunyiza chumvi, ule wewe kwanza kabla hujamgawia mtu. Nami huku nitakula yangu saa hiyo hiyo.

Msalimie baba na wote hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye