Barua ya wazi kwa Afisa Kazi wa Mkoa wa Mtwara: naomba karatasi moja ukutani

Ndugu Afisa Kazi,

Shikamoo. Najua barua za serikalini hazianzi hivi, ila nimelelewa Mikindani na sijui kumwendea mkubwa bila salamu. Ninachoomba ni karatasi ya haki za wafanyakazi ibandikwe pale wanapokaa wapakia mizigo ya ndege; kwanza nikueleze kwa nini.

Nilipakia mizigo ya ndege miaka mitatu, kwenye kiwanja kimoja huku kusini, chini ya mkandarasi nisiyemtaja. Tulikuwa deiwaka. Ndege ikija unaitwa, isipokuja unarudi nyumbani kula ming'oko. Msimu wa korosho ndiyo tulikuwa tunaonekana watu, maana ndege zinajaa wanunuzi na mabegi yao. Msimu mmoja malipo ya mwezi hayakutoka. Nikauliza, nikaambiwa jina langu halijaingia, nisubiri. Mwezi wa pili, lile lile. Nikasubiri mpaka nikauza baiskeli. Nilikuja kusikia kwamba dai la mshahara linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeshapita 90.

Yale nilikuwa nimeyasahau, au nilijifanya nimeyasahau, mpaka juzi nilipokuwa nasoma kwenye simu habari za mama mmoja wa Marekani, Sara Nelson. Huyu ni rais wa chama cha wahudumu wa ndege chenye wanachama zaidi ya 50,000 katika mashirika mengi ya kule. Aliajiriwa na shirika la ndege la United mwaka 1996, akapangiwa kituo cha Boston. Mshahara wake wa kwanza haukutoka. Akaenda ofisini kuuliza, akazungushwa, machozi yakamlenga. Mara akaguswa bega. Alikuwa mhudumu mwenzake asiyemjua kabisa, sare moja na yake. Akamuuliza jina lake linaandikwaje, akamwandikia hundi ya dola 800, akamwambia: jitunze, halafu kipigie simu chama chetu. Akapiga, na mshahara ukatoka.

Ndugu Afisa, nilizima simu hapo. Kisa chake na changu ni kimoja, hatua kwa hatua, mpaka pale anapoguswa bega.

Mengine yaliyomfuata ni makubwa. Septemba 11, 2001 ndege ya United 175 iliyotoka Boston ilitekwa na kugongeshwa jengo; ndani yake walikuwamo wenzake wa kituo kile kile. Desemba 2002 kampuni ikaingia mahakamani kwa ufilisi, na 2005 ikaruhusiwa kujivua mafao ya uzeeni iliyowaahidi watu wake. (Wazee wetu waliofanya kazi East African Airways hawahitaji kusimuliwa hilo. Jumuiya ilipovunjika 1977, wapo waliofuatilia haki zao hadi mvi zikawaota.) Yeye katika miaka hiyo ndiye aliyekuwa akiwasemea wenzake kwenye tawi la United. 2013 chama chake kilikuwa mstari wa mbele kupinga mpango wa kuruhusu visu vidogo ndani ya ndege, na mpango ukafutwa. 2014 akachaguliwa kuwa rais wa chama.

Jina lake lilivuma zaidi Januari 2019. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa mvutano wa bajeti, waongoza ndege na wakaguzi wa mizigo wakifanya kazi bila mshahara. Alisimama kwenye hafla ya wafanyakazi akataka vyama vyote vizungumzie mgomo wa nchi nzima. Siku chache baadaye waongoza ndege wachache tu hawakufika kazini, safari za kuingia uwanja wa LaGuardia wa New York zikasimamishwa, na siku hiyo hiyo, ya 35 tangu serikali ifungwe, ikafunguliwa.

Usishtuke, siandiki kuitisha mgomo. Najua sheria yetu inawaweka waongoza ndege kwenye huduma muhimu, na hata mimi nisingependa ndege ining'inie juu ya Shangani ikitafuta pa kutua. Shida yangu iko chini, kwenye toroli la mizigo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Inamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Na ina sharti moja dogo ambalo nimelipenda kuliko yote: kila mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali pa wazi, wazione. Miaka mitatu nimeingia na kutoka kwenye kile chumba chetu cha kubadilishia nguo. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ndege zinazokuja huku si nyingi, ratiba yake inajulikana. Chagua siku moja, fika saa moja kabla ndege haijatua, wakati vijana wamekaa kivulini wanasubiri. Ukija baada ya hapo hutamkuta mtu, deiwaka hana cha kumweka. Waulize wakandarasi wote, si mmoja, ile karatasi imebandikwa wapi. Kama haipo, ibandikwe mbele yako, na chini yake iandikwe kwa kalamu nene namba ya ofisi yako, ya Tume na ya chama, pamoja na zile siku 60.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways, shirika la Waingereza, zilikuwa zikitua Lindi, njiani kwenda Durban, na mizigo yake ilishushwa na mikono ya watu. Sijawahi kusikia jina la hata mmoja wao.

Mimi siku hizi nauza vocha, malipo yangu nimeshayasamehe. Ila mdogo wangu ameanza kuitwa kule kule mwezi huu, na bado hana karatasi yoyote mkononi.

Wako,
Aliyekuwa mpakia mizigo,
Magomeni, Mtwara