Kalipa ya nyuma isipachikwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo lililozoeleka mno gereji: kuondoa kalipa ya breki ya nyuma iliyochakaa, yaani kifaa chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski ya gurudumu, na kupachika ya pikipiki ya modeli nyingine. Kazi yenyewe siipingi. Spea za modeli za zamani huadimika, na kalipa nzima kutoka pikipiki nyingine ni afadhali kuliko ya asili ambayo pistoni zake zimeganda kwa kutu. Ninachokipinga ni kutosheka mara tu bolti zinapoingia na gurudumu likazunguka bila kukwaruza.

Kabla ya kushika spana, fundi apime kipenyo cha pistoni za kalipa zote mbili, kwa sababu nguvu ya breki hutegemea uwiano kati ya eneo la pistoni hizo na eneo la pistoni ya masta silinda, ile inayosukumwa na kanyagio. Hapa macho hudanganya. Pistoni moja ya milimita 27 ikibadilishwa kwa moja ya milimita 34, eneo huongezeka kwa karibu asilimia 59. Kanyagio litashuka zaidi kabla breki haijashika, na ikishashika itauma kupita kiasi. Kinyume chake, kalipa ya kuteleza (yenye pistoni upande mmoja tu wa diski) iliyo na pistoni mbili za milimita 27, ambayo muuzaji ataisifu kwa ukubwa, karibu inalingana kabisa na ile ya pistoni moja ya milimita 38.

Wapo watakaosema kuwa breki kali ni heri. Kwa gurudumu la nyuma siafiki hata kidogo, kwani pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, la nyuma hubaki jepesi, na breki iliyozidi nguvu hulifunga likaserereka, hasa barabara ikiwa imelowa.

Linalonitia hofu zaidi ni breketi, yaani kishikio kinachofungiwa kalipa. Diski inapobanwa hutaka kuizungusha kalipa pamoja nayo, na kinachoizuia ni ulimi mdogo wa breketi ulioingia kwenye swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma), au fito inayoiunganisha na swingamu hiyo. Breketi ngeni isipokaa sawasawa, baadhi ya mafundi huukata ulimi huo kwa gurainda, kisha huchomelea kipande cha bapa la chuma na kukipaka rangi. Kipande hicho kikikatika mwendoni, kalipa huzunguka na gurudumu mpaka hozi ya mafuta ya breki ing'oke au gurudumu likwame. Breketi ya kufaa hutengenezwa kwa kipande kizima chenye unene wa kutosha, na wosha za kujaza nafasi kwenye ekseli hukerezwa kwa kipimo, ili diski ipite katikati kabisa ya kalipa na pedi zikalie uso wote wa diski bila kuchungulia nje ya ukingo wake.

Kuna pia nipeli ya kutolea hewa. Kalipa iliyokuwa chini ya swingamu ikihamishiwa juu, nipeli huweza kuelekea chini, na hewa ikabaki imejikusanya sehemu ya juu. Fundi atapampu mchana kutwa na kanyagio litabaki laini. Dawa yake ni kuifungua kalipa, kuishika nipeli ikiwa juu, na kuweka kibao chenye unene wa diski kati ya pedi wakati hewa inatolewa. Bolti ya hozi nayo ichunguzwe hesi zake: bolti za milimita 10 zipo ambazo nafasi kati ya hesi na hesi ni milimita 1.0 na ambazo ni 1.25, na ukiilazimisha isiyo yake, aluminiamu ya kalipa huliwa. Wosha za shaba ziwe mpya.

Wauzaji wa spea zilizotumika wanaweza kutusaidia kwa gharama ndogo sana: waandike kwenye kila kalipa modeli, mwaka na kipenyo cha pistoni, na waiuze pamoja na breketi yake, badala ya kuzirundika zote katika ndoo moja. Fundi naye aandike kwenye risiti kalipa ilitoka pikipiki gani, kwani mwenye chombo atakapokwenda kununua pedi atataja modeli ya pikipiki yake na kurudi na pedi zisizoingia.

Wako,
Msomaji na fundi wa pikipiki