Muuguzi akijichoma sindano, apewe dawa kwanza

Bwana Mhariri, salamu toka Goma. Mi ni muuguzi wa dharura, mwaka wa tisa sasa. Yule baba wa Katindo, mtaa wa hapa mjini, aliyeandika wiki iliyopita eti hatunawi mikono, siwezi kusema amedanganya, kuna usiku tunaruka kweli. Ila angeona saa 9 ya usiku inavyokuwa, mko wawili tu, wagonjwa 17, mmoja anaharisha kipindupindu, mwingine pikipiki imemvunja mguu, na ndoo ya klorini pale mlangoni imekauka tangu saa 4 na hakuna wa kuleta bidoni ya maji. Kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 mpaka 60, fanya hesabu kwa kila mgonjwa. Mwaka 2019 Ebola ilipofika hapa mjini ndoo zilikuwa kila mlango na watu wa kuzijaza, na wauguzi tulikuwa sisi hawahawa, tulinawa.

Kinachoniuma zaidi ni aibu. Mdogo wangu mmoja wa kazi, alfajiri, anamalizia zamu ya pili mfululizo ju mwenzake hakuja, karudisha kifuniko kwenye sindano iliyotoka kwa mgonjwa, ikamchoma kidole gumba. Nilimkuta kwenye sinki anakikamua damu (na kukamua tunakatazwa), glavu kaificha kwenye mfuko wa blauzi, nikamuuliza vipi, akasema hamna kitu dada. Kesho yake jioni ndo akaniambia huku analia. Alinyamaza sababu mwezi uliotangulia mwenzake alisema naye kajichoma, akagombezwa kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wanafunzi, akaitwa mzembe. Sasa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, saa 72 zikipita hazianzishwi tena, na yeye alishapoteza kama 36 anaomba Mungu tu. Tulikimbia wote wawili, akaanza usiku uleule.

Wakubwa wa mahospitali, semina tumekaa nyingi na mabango ya kunawa yamejaa ukutani. Tuwekeeni mtu wa maji usiku. Aliyekesha aende kulala, asibakizwe, tena na primu yenyewe, posho yetu, inachelewa. Na anayesema nimejichoma apewe dawa palepale, maswali baadaye, faraghani, sio kwenye kikao.

Mdogo wangu bado anangoja kipimo cha miezi mitatu. Kila akiingia zamu ananiangalia kwanza mimi.

Muuguzi, Goma