Siri yako unapoagiza dawa za uzazi wa mpango kwa simu

Wateja wengi wanaoliandikia duka letu la dawa kuulizia vidonge vya uzazi wa mpango, kifaa cha kujipima VVU au tiba ya magonjwa ya zinaa hutanguliza swali moja: ni nani mwingine atakayeusoma ujumbe huu? Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2021, Flo, programu ya kufuatilia hedhi inayotumiwa na mamilioni ya wanawake, iliafikiana na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani baada ya tume hiyo kuituhumu kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook, Google na wengineo, ilhali iliahidi kuzitunza.

Hata hivyo, hapa Mombasa mteja hufichuliwa zaidi na simu yake mwenyewe, ambayo mara nyingi hushikwa pia na mume, mawifi au watoto. Kwa hiyo jumbe zetu hazitaji dawa wala ugonjwa, bali husema tu kwamba mzigo uko tayari. Mfamasia hukuuliza kwanza saa utakayokuwa na faragha, na simu ikipokewa na mtu mwingine, huaga bila kueleza shida. Ujumbe wa M-Pesa utaonyesha jina la duka, na hilo hatuwezi kulizuia. Anayelihofia anaweza kulipa taslimu anapopokea mzigo.

Mume akitaka kujua mkewe ameagiza nini, hatumwambii, hata kama yeye ndiye aliyelipa. Mke naye hatumwambii ya mumewe. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni kuvunja nyumba za watu. Lakini Katiba ya mwaka 2010, inayolinda faragha katika Kifungu cha 31 na afya ya uzazi katika Kifungu cha 43, humpa haki hizo kila mtu, awe ameoa, ameolewa au la.

Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, unaweza kudai kuona tulichoandika juu yako na kutaka makosa yarekebishwe. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, tunapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Wewe tutakujulisha kwa njia uliyoichagua ulipojiandikisha, ambayo unaweza kuibadilisha wakati wowote.