Mpimeni mgonjwa kabla ya kumtafutia mhudumu

Ndugu Mhariri,

Familia nyingi hapa Uganda humtafutia mzee mhudumu wa nyumbani kwa kutazama umri au jina la ugonjwa. Kipimo hicho kinapotosha. Yuko aliyepata kiharusi na bado anajiogesha, na yuko mwenye baridi yabisi asiyeweza kuinuka chooni.

Yapimwe mambo 6: kuoga, kuvaa, kutumia choo, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1963 na daktari Sidney Katz wa Marekani, na hospitali bado zinakitumia. Kila analoliweza bila mtu kumsaidia, mpeni alama 1. Mwenye 6 anajitegemea. Mwenye 2 au chini yake asiachwe peke yake. Andikeni mnachokiona kwa siku 3, usiku pia, wala msitegemee majibu yake. Mzee atasema "naweza" kwa aibu, hasa mbele ya mkwe, kisha aanguke saa nane za usiku akipapasa njia ya chooni.

Aliyeshindwa kuoga na kuvaa tu, mtu wa kuja kwa muda wa saa 2 kila asubuhi anamtosha. Kazi kubwa iko kwa asiyeweza kujigeuza. Huyo hugeuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na mhudumu mmoja hawezi; atalala, na kidonda kitaanza kwenye kifandugu, nyonga au kisigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisheni mgongo wa mkono: mahali palipo na joto au ugumu kuliko pembeni pake pameanza kuharibika. Msipakande. Mlazeni upande mwingine. Na tafadhali, msiweke ngata ya nguo chini ya kifandugu. Inabana damu kuzunguka sehemu ileile mnayotaka kuiokoa.

Mhudumu huogesha, hulisha mgonjwa akiwa ameketi wima, humgeuza na kumkumbusha dawa. Sindano, mpira wa mkojo na vidonda vyenye kina ni kazi ya muuguzi. Anayejiita muuguzi aonyeshe leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mhudumu alete kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa.

Mwenye saratani na maumivu yasiyotulia anahitaji zaidi ya mhudumu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, huwafuata wagonjwa majumbani kutoka Makindye, Mbarara na Hoima, na hutoa mofini ya kunywa, dawa kali ya kutuliza maumivu. Hunywewa kila saa 4, maumivu yasisubiriwe yarudi, na iambatane na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Wenye ndugu Marekani husikia kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko hasa kwa wazee, hulipia mhudumu. Hulipia pale tu daktari anapothibitisha kwamba kutoka nyumbani ni taabu kubwa kwa mgonjwa na kwamba anahitaji muuguzi au tiba ya viungo kwa vipindi. Kuogeshwa peke yake hakulipiwi. Hapa kwetu mzigo ni wa familia, na ndiyo maana tunaziomba hospitali: kabla ya kumruhusu mgonjwa, muuguzi wa wodi ajaze mambo hayo 6 kwenye karatasi ya ruhusa na kumwonyesha ndugu jinsi ya kumgeuza, angalau mara moja, kitandani palepale.

Wauguzi wa huduma za majumbani,
Kampala